Kitundu Alichokiziba Vinko

Pampu ilikuwa na kelele, na kwa kelele ile Vinko Hocevar hakuweza kufanya kazi.

Ilikaa ndani ya shimo kwenye kona ya chumba cha chini, chumba kilichochimbwa ardhini chini ya nyumba yake pale mjini Euclid, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ziwani. Udongo wa Euclid ni mfinyanzi mtupu. Mvua ya Aprili ikinyesha haina pa kwenda, inauzunguka msingi wa nyumba mpaka ipate ufa, ndiyo maana kila nyumba mtaani ina shimo na kila shimo lina pampu. Maji yakijaa, boya linapanda, pampu inawaka, inayasukuma maji kwenye bomba hadi uani, kisha inazima. Wiki ile ilikuwa ikiwaka kila baada ya dakika nne. Ikiwaka, bomba zima lilinguruma kwenye mbao za dari. Ikiendelea, kitu mle shimoni kilitema na kufyonza kama mtu anayekunywa supu ya moto. Ikizima, ilipiga kishindo kimoja cha nyundo, dang, na vikombe vya mkewe Dot vikatikisika kabatini huko juu jikoni.

Vinko alikuwa ameishi na kelele hizo miaka kumi na tisa bila kuzijali. Lakini sasa alikuwa na kodiani ya rafiki yake Edi Strnisha mezani, na Edi alikuwa anakufa.

Vinko aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaenda kukanyaga mashine ya kukunja mabati, na kiwanda kilipofungwa akabaki na kazi aliyofundishwa na mjomba wake: kutengeneza kodiani za vifungo, zile ambazo Waslovenia wa pande zile hupiga harusini, kwenye karamu za kanisa na mazikoni. Alifanyia kazi hiyo mle chini, kwa sababu joto la mle halibadiliki, na nta inataka joto lisilobadilika. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Hakuwa na maneno mengi na hakupenda kusaidiwa.

Kodiani ile ilikuja na baba yake Edi kutoka kwao milimani, miaka mingi kabla ya vita. Baba mtu alikuwa ameitengeneza sauti kwa namna yake mwenyewe. Kila sauti katika kodiani hutolewa na ndimi mbili za chuma, na ulimi mmoja huachwa na sauti ya juu kidogo tu kuliko mwenzake, ili zikilia pamoja sauti itetemeke. Mafundi wengi huacha mtetemo mdogo. Baba yake Edi aliuacha mpana, mitetemo mitano kwa sekunde, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Watu waliitambua kodiani hiyo wakiwa nje ya mlango. Baba alipokufa, Edi aliiweka darini, akawa anapiga nyingine. Alisema ile ataitoa siku moja. Nta ikakauka, ndimi zikalegea, miaka kumi na miwili ikapita. Halafu ini likaharibika.

Olga, mkewe Edi, ndiye aliyeileta Jumatatu, kaibeba kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa.

"Shemeji, anataka kuisikia," alisema. Hakukaa. "Nesi kasema wiki moja. Labda na siku mbili juu yake."

Vinko alivuta mvukuto, akabonyeza vifungo vitatu. Ilikoroma.

"Nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili baada ya misa?"

"Baada ya misa naileta, nampigia mwenyewe."

"Kama huna uhakika niambie sasa hivi. Nikishamwambia Jumapili, ataanza kuhesabu. Hana kitu kingine cha kufanya pale kitandani."

"Mwambie Jumapili," Vinko alisema.

Ndimi za mkono wa kulia zilikuwa mia moja thelathini na mbili. Jumanne alizitoa zote, akakwangua nta ya zamani. Jumatano alianza kulinganisha, na hapo ndipo pampu ilipomshinda. Kazi ile haifanywi kwa mashine ya kupima, si kwa mtetemo wa baba yake Edi. Unaziliza ndimi mbili, unatazama mshale wa saa, unahesabu: moja mbili tatu nne tano. Ikizidi, unapitisha tupa nyembamba kwenye ulimi, mara moja, kidogo kama unavyofuta vumbi. Ukizidisha, umeharibu. Sasa alipokuwa kwenye tatu, pampu iliwaka, na mngurumo wake ukaingia katikati ya zile sauti mbili, ukatetemeka nazo, akapoteza hesabu. Akingoja imalize, inapiga dang, mkono unaruka. Jumatano nzima alimaliza ndimi kumi na nne. Mbili kati ya hizo alizipitisha tupa kupita kiasi, ikabidi azibadilishe kwa za akiba.

Pampu ile iliwekwa na Gabe Terlep, mume wa dada yake, fundi bomba mstaafu ambaye mikono yake ilikuwa miepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Alhamisi asubuhi Dot alimwambia mumewe ampigie simu.

"Sipigi."

"Kwa nini?"

"Atanicheka mpaka Krismasi."

"Edi atakuwa wapi Krismasi?" Dot aliuliza, akaendelea kuosha vyombo.

Akapiga.

"Halo! Mzee wa ndimi!" Gabe alikuwa anapiga kelele, nyuma yake masufuria yanagongana. Ijumaa za Kwaresima alikuwa ndiye mkaanga samaki wa Nyumba ya Waslovenia, ukumbi wa jumuiya yao, na Alhamisi ilikuwa siku ya kuandaa unga na viazi. "Leo umenikumbuka? Dada yako alidhani umekufa, kashaanza kutafuta gauni jeusi."

"Pampu yako inapiga kelele."

"Pampu yangu? Ikifanya kazi ni yako, ikipiga kelele ni yangu?"

"Gabe, nina kazi ya mtu."

"Haya, haya. Bomba linagusa mbao za dari, si ndiyo? Lifunge na kitu laini lisiguse. Na ile dang ni vali, ile ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikizima maji yanarudi kwa kasi, yanaubamiza mlango wake. Nunua ile ya springi, inafunga taratibu. Hata wewe unaweza kuifunga, bisibisi tu. Ningekuja, shemeji, lakini nina kilo mia mbili za samaki hapa. Nije Jumatatu?"

"Jumatatu ni kuchelewa. Nitafanya mwenyewe."

"Mungu atusaidie. Sasa sikiliza, ukiitoa pampu shimoni, utaona chini ya vali kuna..."

"Nimekuelewa. Kawakaangie watu samaki," Vinko alisema, akakata.

Alifanya kama alivyoambiwa. Alikata vipande vya kitambaa kizito cha sufu, kile anachobandika chini ya vifungo vya kodiani, akavifunga kwenye bomba kila lilipopita kwenye mbao. Mngurumo ukaisha. Alikwenda dukani akanunua vali ya springi, akaifunga mahali pa ile ya zamani. Dang ikawa tup, kama mlango wa friji. Alisimama juu ya shimo akaitazama pampu ikiwaka na kuzima mara tatu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

"Umeona?" alimwambia Dot. "Sikumhitaji."

"Ulimpigia simu," Dot alisema.

Ijumaa alifanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, hata samaki hakwenda kula. Ndimi za sauti nene zilikwenda vizuri, na za katikati zikafuata. Ilipofika jioni zilikuwa zimebaki ishirini na nne, zile nyembamba za juu kabisa, zenye urefu wa ukucha. Hizo ndizo ngumu. Na hapo kelele ya tatu, ambayo hakuijali wakati zile mbili kubwa zipo, ikajitokeza. Pampu ilikuwa bado inatema. Ssss, tss, ssss, kila ilipowaka. Kelele hiyo ilikaa palepale zilipokaa sauti za juu. Alihesabu, akapoteza, akahesabu tena. Aliweka tupa chini kabla hajaharibu kitu, akaenda kulala.

Jumamosi ilipambazuka bila mvua. Pampu ilinyamaza kwa muda mrefu, maji shimoni yakawa kidogo. Vinko aliona ndiyo nafasi yake. Alichomoa waya, akafungua vali, akaivuta pampu ikatoka shimoni ikichuruzika, akailaza kwenye magazeti.

Aliona mara moja. Kwenye bomba, kiasi cha shubiri moja juu ya pampu, chini ya vali, palikuwa na kitundu. Upana wake ulikuwa wa njiti ya kiberiti. Kilitobolewa kwa keekee na kingo zake hazikusuguliwa.

"Gabe," alisema kwa sauti. "Gabe, Gabe, Gabe."

Maisha yake yote Vinko alikuwa mtu wa kutafuta vitundu. Kodiani inayovuja hewa haina kazi. Unaipitishia mshumaa pembeni ya mvukuto ukitazama moto unapoinama, unaisogezea shavu, unasikiliza. Ukipata kitundu unakiziba, na kama ni cha mtu mwingine unamdharau kidogo. Kwake kitundu kilikuwa kosa, na kosa la Gabe lilikuwa na sura ya Gabe: mtu alitaka kutoboa mahali fulani, akakosea, akaacha hivyohivyo, akaenda kunywa bia. Miaka kumi na tisa maji yalikuwa yanatoka pale kwa nguvu na kurudi shimoni.

Aliwasha jiko dogo. Nta ya nyuki sehemu mbili, utomvu wa msonobari sehemu moja, kama alivyofundishwa na mjomba. Alilikausha bomba kwa kitambaa, akalipasha joto kidogo, akadondosha nta kwenye kitundu, tone la ukubwa wa punje ya hindi, akalisawazisha kwa kidole gumba. Ilikuwa kazi safi. Aliirudisha pampu shimoni, akafunga vali, akachomeka waya, akaliinua boya kwa mkono.

Pampu iliwaka. Alifumba macho akasikiliza. Haikutema. Alipoliachia boya haikupiga hata ile tup. Palikuwa na mvumo laini tu, halafu kimya.

Hakutoka uani kutazama kama maji yanatoka. Alikuwa ameshasikia alichotaka.

Aliketi mezani, na katika kimya kile alizimaliza ndimi ishirini na nne kwa saa tano. Kisha akaiunganisha kodiani kwa muda, nta ikiwa changa, ajaribu mara moja. Alipiga wimbo wa taratibu ambao baba yake Edi alikuwa akiwafungia karamu. Mtetemo ulikuwa uleule, mitano kwa sekunde, kuanzia chini hadi juu. Dot aliacha kupiga pasi huko juu. Akaja hadi kwenye ngazi, akaketi kidato cha tatu na shati la kanisani la mumewe mapajani.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Ndiyo yenyewe."

Nta changa inataka kupoa taratibu na kwa usawa. Vinko alizitoa tena zile mbao zinazoshika ndimi, akazilaza moja moja sakafuni juu ya karatasi, kwa sababu saruji ya mle haipati joto wala baridi ya ghafla. Alifanya hivyo kwa kila kodiani, miaka yote, na mjomba wake kabla yake. Mwili wa kodiani na mvukuto aliviweka kwenye sanduku lake, sanduku likawa sakafuni pembeni. Saa tisa alasiri alimpigia Olga simu.

"Mwambie kesho," alisema.

"Tangu asubuhi anataka anyolewe," Olga alisema. "Nimemwambia kesho. Kasema ninyoe leo, kesho unaweza kusahau."

Mvua ilirudi jioni, kubwa, ya upepo kutoka ziwani. Vinko na Dot walikula supu ya maharage na soseji, wakasikiliza maji yakipiga madirisha. Chini palikuwa kimya kabisa. Vikombe havikutikisika.

"Unasikia?" Vinko alisema.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo."

Akalala usingizi mzito kuliko siku zote za wiki ile.

Asubuhi alishuka na kikombe cha kahawa, na kwenye kidato cha tatu kutoka chini mguu wake uliingia majini.

Maji yalikuwa kahawia, yametulia, yamefika juu ya goti. Mbao za ndimi zilikuwa zinaelea pamoja na karatasi zake, moja imejikita kwenye mguu wa meza. Sanduku la Edi lilikuwa limeelea mpaka chini ya dirisha, limelala ubavu, limefunguka. Rafu ya chini ya kodiani za wateja haikuonekana.

Alitaka kuingia, Dot akamshika kola.

"Umeme kwanza! Unataka nizike wawili?"

Alipanda akazima swichi kubwa mlangoni, akarudi, akaingia. Mvukuto ulipoinuliwa uliachana mkononi mwake, kwa sababu ni wa boksi na gundi, na gundi ile ya ngozi huyeyuka majini. Ulianguka vipande vipande kama mkate uliolowa. Ngozi ndogo zinazofunika ndimi zilikuwa zimejikunja zote. Chuma kilikuwa kimeanza kupata madoa ya rangi ya chungwa. Ulimi uliopitishwa tupa kwa vipimo vile, kutu ikiula kidogo tu, sauti imekwenda, na hairudi.

Gabe alikuja dakika ishirini baada ya Dot kumpigia simu, amevaa buti za mpira juu ya pajama. Alipita bila kusalimia, akaingiza mkono shimoni mpaka begani, akaivuta pampu. Mota ilikuwa na harufu ya kuungua. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasimama.

"Nani kaziba hapa?"

Vinko alikuwa ameshika mbao mbili za ndimi, maji yanamtiririka viwikoni.

"Mimi. Kilikuwa kinavuja."

"Kinatakiwa kuvuja." Gabe aliongea polepole, jambo ambalo si kawaida yake. "Hewa inabaki chini ya vali, shemeji. Isipopata pa kutokea, pampu inazunguka kwenye hewa tupu, maji hayapandi. Itazunguka hivyo mpaka iungue. Nilikitoboa mimi. Kila fundi anakitoboa."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nakuambia."

Vinko alikumbuka simu, na masufuria yaliyokuwa yanagongana nyuma. Aliangalia pembeni akimngojea Gabe aanze, kwa sababu Gabe hakuwahi kuiacha nafasi kama ile impite. Gabe alitoa msumari mfukoni, akaichokonoa nta mpaka ikatoka nzima, punje moja, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha. Hakutania. Akaenda kutafuta pampu ya kuazima kwa jirani.

Saa tano Vinko alikuwa nyumbani kwa Edi, na shati lile lililopigwa pasi, na kodiani yake mwenyewe. Kitanda kilikuwa sebuleni mbele ya dirisha. Edi alikuwa amenyolewa, ana jeraha dogo la wembe kidevuni, na amevalishwa fulana nyekundu ya chama cha wapiga kodiani ambayo sasa ingewatosha Edi wawili. Olga aliitazama kodiani mkononi mwa Vinko, akamtazama Vinko usoni, akaenda jikoni.

Vinko aliketi, akaanza ule wimbo wa taratibu. Edi alifumba macho. Baada ya mistari miwili aliyafumbua.

"Hiyo ni yako."

"Ndiyo."

"Ya baba iko wapi?"

Vinko alimwambia yote, mvua, kitundu, nta, maji. Hakujitetea. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani.

Edi alikuwa anapumua kwa mdomo. "Ilikuwa imekubali?" aliuliza mwishowe.

"Jana mchana. Yote."

"Mitano?"

"Mitano, chini mpaka juu."

"Wewe uliisikia."

"Niliisikia. Na Dot."

Edi aligeuza uso dirishani. "Wewe na Dot," alisema. Vinko hakujua kama aendelee kupiga au aifunge kodiani. Aliishika tu magotini mpaka Olga alipokuja na kusema mgonjwa amechoka.

Edi alikufa Jumanne mchana. Mazikoni chama kilipiga, Vinko akawa nyuma kabisa.

Kodiani sita za wateja ziliharibika pamoja na ya Edi. Wenyewe wanne walikuja kuchukua vipande, wawili hawakuja. Hakuna hata mmoja aliyemletea kazi tena. Katika ndimi mia moja thelathini na mbili za Edi, arobaini na moja zilisafishika, na hakuna mbili kati ya hizo zilizokuwa za sauti moja. Jumanne mpaka Jumamosi, siku tano za kazi. Kutoka Jumapili asubuhi mpaka Jumanne mchana, siku mbili na saa chache, ambazo Edi aliziishi akijua kodiani ya baba yake hailii tena. Nta iliyotumika kuziba kitundu ilikuwa punje moja.